Moto wa siku nne, mkataba wa siku 30

Mtu aliyekuwa akiishi peke yake katika nyumba ya kupanga kwenye jimbo la Ontario, Kanada, akifariki, sheria ya upangaji ya jimbo hilo inaanza kuhesabu siku 30. Zikitimia, mkataba umekwisha wenyewe. Ndani ya siku hizo mwenye nyumba anapaswa kuvilinda vitu vya marehemu na kuwafungulia ndugu mlango. Zikipita, anaruhusiwa kuvitoa, kuviuza au kuvitupa, na fleti inakwenda kwa mwingine.

Waanishinaabe, moja ya mataifa makubwa ya wenyeji wa asili wa sehemu hizo, nao wana hesabu yao. Mtu akikata roho unawashwa moto, na moto huo unakeshewa siku nne, usiku na mchana, kwa sababu siku nne ndiyo safari ya roho kuelekea magharibi waliko waliotangulia. Wanaokuja kuhani hutia tumbaku motoni, na marehemu hupelekewa chakula kupitia moto huohuo. Wahaudenosaunee, ambao Wamohawk ni miongoni mwao, huhesabu siku kumi: siku ya kumi huandaliwa karamu, roho huagwa, na vitu vya marehemu hugawiwa. Msomaji aliyekulia na matanga ya siku tatu na arobaini hahitaji kufundishwa kwamba msiba una kalenda yake, na kwamba kalenda hiyo si pambo.

Ninachotaka kufafanua hapa ni kinachotokea hesabu hizi zinapokutana kwenye korido moja ya ghorofa, yaani maisha na misiba ya wazee wa asili wa Kanada wanaoishi mijini katika nyumba za ruzuku. Habari zao huelezwa mara nyingi kama habari za umaskini, na umaskini upo. Lakini kila ninavyolitazama jambo hili naona fundo lake liko kwingine. Kanuni za nyumba za ruzuku zinamhesabu mtu mmoja na chumba chake. Msiba wa wazee hawa ni wa ukoo mzima, na ni wa ardhi iliyo mbali. Na ardhi hiyo haikuwa mbali nao kwa bahati mbaya.

Walivyofika ghorofani

Sensa ya Kanada ya 2021 ilihesabu wenyeji wa asili wapatao milioni 1.8, yaani asilimia 5 ya watu wote. Ndani yao wamo Mataifa ya Kwanza (kama Waanishinaabe na Wamohawk), Wametis wenye asili ya wenyeji na Wazungu, na Wainuit wa kaskazini ya mbali, na ndani ya Mataifa ya Kwanza peke yake kuna lugha kadhaa zisizosikilizana. Wengi leo wanaishi mijini. Winnipeg ina zaidi ya watu 100,000 wa asili, kuliko mji mwingine wowote nchini. Kwa Toronto hesabu yenyewe ni ubishi: watafiti wa afya walioshirikiana na mashirika ya wenyeji wa asili, wakitumia njia ya mtu mmoja kumleta mwenzake anayemjua, walikadiria watu wazima 55,000, angalau mara mbili ya hesabu zilizokuwa zikitumika. Ni rahisi kuona kwa nini wanapotea. Anayelala kwenye kochi la binamu yake hapokei fomu ya sensa. Na fedha za nyumba hufuata sensa.

Toronto yenyewe ni ardhi ya Wamississauga, tawi la Waanishinaabe. Mapatano ya 1805 yaliyokamilisha kuichukua yalitaja malipo ya shilingi kumi. Madai ya ardhi hiyo yalikuja kumalizwa mwaka 2010 kwa dola milioni 145. Hata hivyo wazee wengi wa asili wanaopanga mjini humo wametoka kwingine: Kisiwa cha Manitoulin, mwambao wa James Bay, Six Nations karibu na Brantford. Wametoka kwenye rizavu, vipande vya ardhi ambavyo serikali iliwatengea baada ya kuchukua vingine. Wakenya wazee wanalijua neno hilo bila kamusi. Wanalijua na kipande: kuanzia 1885, katika nyanda za magharibi mwa Kanada, mtu wa asili aliyetaka kutoka rizavu alitakiwa kuwa na kibali cha msimamizi wa serikali.

Sehemu ya wazee hawa ni wanawake ambao sheria iliwatoa kwao. Sheria ya mwaka 1876, iliyowaita wenyeji wa asili iliowahusu kwa jina la makosa la “Wahindi”, iliamua nani ana hadhi ya kuwa mwenyeji wa asili na nani hana. Mwanamke aliyeolewa na mtu asiye na hadhi hiyo aliipoteza siku ya harusi. Pamoja nayo alipoteza haki ya kuishi rizavu, haki ya kumiliki nyumba ya wazazi wake pale, na haki ya kuzikwa pamoja nao. Kaka yake akioa mwanamke wa Kizungu, mke huyo alipewa hadhi ileile aliyonyang'anywa dada. Jeannette Corbiere Lavell, Mwanishinaabe wa Manitoulin, alilipeleka jambo hilo hadi Mahakama Kuu ya Kanada na akashindwa mwaka 1973. Mwaka 1977 wanawake wa rizavu ya Tobique, New Brunswick, waliikalia ofisi ya utawala wa rizavu yao wakidai nyumba. Mmoja wa wanawake wa Tobique, Sandra Lovelace, aliishitaki Kanada mbele ya Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 1981 kamati ikasema Kanada imekosea. Sheria ilibadilishwa 1985.

Piga hesabu mwenyewe. Binti aliyeolewa mwaka 1965 akiwa na miaka 20 alikaa nje miaka 20 kabla ya hadhi kurudi. Watoto wake walizaliwa mjini na kusoma mjini. Mwaka 1985 zaidi ya watu laki moja wakaanza kurudishiwa hadhi kwa awamu, lakini rizavu nyingi hazikuwa na nyumba hata za kuwatosha waliokuwemo. Kwenye karatasi, mlango ulikuwa umefunguliwa. Ndani hapakuwa na chumba. Binti huyo leo ana miaka 80 hivi, na ukimtafuta utampata kwenye fleti ya chumba kimoja.

Wengine waliletwa mbali na kwao na shule. Watoto zaidi ya 150,000 walipelekwa katika shule za bweni za serikali na makanisa, wakakatazwa lugha zao, na za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Ile ya Brantford, mwendo wa saa moja na kitu kutoka Toronto, ilifungwa 1970. Aliyekuwa na miaka saba mwaka 1965 ndiye mzee wa leo. Wengi walipotoka shuleni hawakuweza tena kuzungumza vizuri na mama zao. Mji ukawa mahali pa kwenda, si kwa sababu ulikuwa na kitu, bali kwa sababu nyumbani palikuwa pamekuwa pagumu.

Nyumba zenye wenyewe

Walipofika mjini walikuta wenye nyumba hawawapangishi. Mwaka 1970 wenyeji wa asili wa Winnipeg wakaanzisha shirika lao la nyumba, Kinew, la kwanza la aina hiyo nchini. Mwaka 1972 Toronto ikapata Wigwamen. Ukitoka kituo cha treni cha Spadina utaliona jengo la wazee la shirika hilo, Wigwamen Terrace, na mlango wa pili ni Kituo cha Wenyeji wa Asili cha Toronto kilichoanzishwa 1962. Ukaribu huo una maana kubwa kuliko unavyoonekana kwenye ramani. Mzee wa Terrace haendi mbali kusikia ngoma, kusikia lugha, au kusikia nani amefiwa.

Namna nyumba hizi zinavyofanya kazi si ngumu kuelewa. Mpangaji analipa kodi kwa kipimo cha kipato chake, Ontario ni asilimia 30, na serikali inafidia pengo kati ya hiyo na gharama halisi ya jengo. Kuanzia 1978 serikali ya shirikisho ilitenga sehemu ya fedha za nyumba kwa mashirika ya wenyeji wa asili ya mijini, na ndipo mengi yakazaliwa. Bajeti ya 1993 ikafunga mlango wa ujenzi mpya. Na kulikuwa na kasoro ndani ya mikataba yenyewe: ruzuku ilifungamanishwa na mkopo wa ujenzi, kwa kawaida wa miaka 35. Mkopo ukimalizika na ruzuku inamalizika. Aliyeandika kipengele hicho alifikiri jengo lisilo na deni halihitaji msaada. Hakumfikiria mpangaji, ambaye mwaka wa 36 bado anaishi kwa pensheni ileile, ndani ya jengo ambalo sasa paa linavuja na lifti imechoka.

Ottawa, yaani serikali ya shirikisho, iliahidi dola milioni 300 mwaka 2022 na bilioni 4 kwa miaka saba mwaka 2023 kwa nyumba za wenyeji wa asili walio nje ya rizavu. Ni fedha nyingi zimekuja baada ya kimya kirefu. Wakati huohuo orodha ya kusubiri nyumba za ruzuku Toronto ina kaya zaidi ya 80,000, kwa hiyo wazee wengi wa asili hawako katika jengo la shirika lao. Wako popote palipopatikana chumba, kati ya majirani wasiojua wao ni nani. Tofauti kati ya hao na wale wa Terrace huonekana hasa siku ya kifo.

Jesse Thistle, msomi mwenye asili ya Kimetis na ya Wakrii, taifa jingine la wenyeji, aliandika mwaka 2017 fasili ya ukosefu wa makazi kwa wenyeji wa asili. Kwa fasili hiyo, kukosa makazi si kukosa kuta. Ni kukatwa na ardhi, maji, ukoo, wanyama, lugha na utambulisho. Mtu anaweza kuwa na ufunguo mfukoni na bado akahesabiwa hana kwake. Kwa Kiswahili hili halihitaji nadharia, maana sisi tunatofautisha siku zote anapokaa mtu na kwao. Ukimuuliza mtu wa Tandika kwao ni wapi hakutajii Tandika.

Msiba unapobisha

Tuanze na moshi, kwa sababu ndio unaoanza. Kabla ya sala, baada ya habari mbaya, chumba kinapohitaji kutakaswa, wazee wa mataifa mengi hufukiza: majani ya seji, mwerezi, tumbaku, au nyasi zenye harufu tamu zilizosukwa kama nywele, huwashwa ndani ya kombe na moshi ukapepewa kichwani na kifuani. Mtu wa pwani mwenye chetezo nyumbani ataelewa mara moja. Sasa fikiria kufukiza chini ya king'ora cha moshi, ndani ya jengo ambalo mkataba wake umeandikwa “marufuku kuvuta”. Jirani anasikia harufu, anadhani ni bangi, anapiga simu ofisini. Ofisi inaleta barua ya onyo. Mzee aliyefiwa na mdogo wake juzi anapokea karatasi inayomwambia amevunja kanuni.

Sheria ya Ontario kwa kweli imejaribu. Sheria yake ya kudhibiti moshi inatambua matumizi ya kimila ya tumbaku, na inazitaka hospitali na nyumba za kutunzia wazee kutenga mahali ndani ya jengo kwa ajili hiyo, mkaazi wa asili akiomba. Lakini fleti ya kawaida si hospitali. Huko mzee analazimika kuegemea sheria ya haki za binadamu na kujadiliana na meneja, na kujadiliana ni kazi ya mtu mwenye nguvu, si ya mtu aliyekesha akilia. Ninaona ni makosa kumwachia mfiwa mzigo huo. Kanuni ya kufukiza ingeandikwa ndani ya mkataba tangu siku ya kwanza, kama inavyoandikwa kanuni ya mbwa na ya maegesho, hakuna ambaye angepungukiwa na kitu.

Moto wa siku nne ni mgumu zaidi. Mji hauruhusu moto wa wazi bila kupatana na zimamoto, na jengo la ghorofa halina ua. Mlezi wa moto, yaani mtu anayeukalia ili usizimike, anahitaji mahali pa kukaa usiku wa manane. Wakati mwingine kituo cha wenyeji wa asili hupata nafasi. Wakati mwingine moto huwashwa kule kwenye rizavu na ndugu wa huko, na aliye mjini anaweka mshumaa mezani na sahani ya chakula cha marehemu. Wala si wote wanaofuata njia hii. Wazee wengi ni Wakatoliki au Waanglikana wa kweli, na kuna misiba ambamo nyimbo za kanisa kwa Kikrii na moshi wa seji vinakaa chumba kimoja bila ugomvi.

Halafu wageni. Kwetu mtu akifa turubai linafungwa nje, mikeka inatandikwa, kina mama wanapanga mawe matatu na sufuria kubwa. Nani analala wapi hakuna anayeuliza. Kwa wazee hawa ni hivyohivyo: shangazi, binamu, wajukuu, watu kumi na tano wanashuka na basi la usiku na kulala sakafuni. Turubai utalifunga wapi kwenye ghorofa ya saba? Mikataba ya nyumba za ruzuku huweka kikomo cha wageni na cha siku zao, kwa sababu mgeni akikaa sana anahesabiwa mkaazi, kipato chake kinaingizwa kwenye hesabu, na kodi inapanda au ruzuku inafutwa. Kanuni ilitungwa kuzuia udanganyifu. Msiba unaipita bila kukusudia.

Kanuni hiyohiyo inawagusa mabibi wanaolea. Mama akishindwa na maisha, mtoto huletwa kwa bibi, hilo ni la kawaida kwao kama lilivyo kwetu. Lakini jengo la wazee halimpokei mtoto. Bibi anachagua kati ya fleti na mjukuu, au anamficha mjukuu, na kila hodi mlangoni inamshtua.

Sasa vitu. Nilisema kwamba kwa Wahaudenosaunee vya marehemu hugawiwa siku ya kumi. Mataifa mengine hungoja mwaka utimie, hufanya karamu, na kugawa ndiko kunakomfungulia mfiwa mlango wa kurudi kwenye maisha. Blanketi lenye nyota lina mtu wake, ngoma ina mtu wake, na mwenye kujua hayo labda ni dada aliye James Bay, kijijini kusikofikika ila kwa ndege, au kwa barabara ya barafu wakati wa baridi. Siku 30 zinatosha kusafisha fleti. Hazimtoshi dada huyo kupata nauli, kumaliza msiba wa huko, kisha kuja kufungua kabati moja moja. Nani atamlaumu mwenye nyumba anayeona mifuko tu? Lakini kinachotoka na mifuko hiyo ni picha za watu waliokufa shuleni, viatu vilivyoshonwa shanga na mtu asiyekuwepo tena, kanda zenye sauti ya mzee akisimulia kwa lugha ambayo wajukuu wanajifunza leo kwa programu ya simu.

Kuna uchungu wa zamani ndani ya jambo hili. Kuanzia 1895 sheria ya Kanada iliharamisha sherehe za kugawa mali, na watu walikamatwa kwa kugawa. Marufuku hayo yaliondolewa 1951. Mzee wa miaka 80 leo alizaliwa wakati kugawa vitu vya babu yake kulikuwa kosa la jinai. Simaanishi kwamba kanuni ya siku 30 ni mwendelezo wa sheria ile. Ni kanuni ya wapangaji wote. Ninachosema ni kwamba inamkuta mtu ambaye pale alishaumizwa.

Na misiba haingojani. Wenyeji wa asili wa Kanada wanaishi miaka michache kuliko Wakanada wengine, na wazee wengi wamewazika watoto wao, si kinyume chake. Katika jengo la wazee kifo kinapita mlango hadi mlango. Jina linatolewa kwenye kibao cha kengele, wiki chache baadaye kuna jina jingine. Katika jengo la shirika la wenyeji wa asili angalau mtu ataweka picha na tumbaku kwenye ukumbi wa chini na watu watakula pamoja. Kwingine jirani anajua mwenzake amekufa anapoona mafundi wakipaka rangi.

Hofu ya kitanda cha mwisho

Wapo wanaoogopa nyumba ya kutunzia wazee kuliko kifo, na sababu si siri. Vitanda vilivyopangwa, kengele ya chakula, sare za wahudumu, chakula cha wengine, Kiingereza peke yake: aliyesoma shule ya bweni ameshawahi kuishi humo akiwa mtoto. Mwaka 2022 Ontario ilipitisha sheria inayoruhusu mgonjwa ambaye hospitali inaona hahitaji tena kitanda chake apangiwe nyumba ya wazee hadi kilomita 70 kutoka anakotaka, au 150 na zaidi upande wa kaskazini, bila ridhaa yake. Akikataa kuondoka hospitali anaweza kutozwa dola 400 kwa siku. Sheria hii ni ya kila mtu. Lakini mtu aliyewahi kuchukuliwa kwa amri ya serikali akiwa na miaka sita haisikii kama wengine wanavyoisikia.

Ndiyo maana fleti ndogo ya ruzuku, pamoja na kero zote nilizozitaja, inapendwa. Mzee akijifungia mlango wake ni wake. Anapika samaki wake. Anaamka anapotaka. Mhudumu anayemjia nyumbani mara tatu kwa wiki anaweza kuwa tofauti kati ya kubaki hapo na kuhamishwa, na ningependa wanaohesabu gharama za ruzuku waihesabu na hiyo.

Mwili kwenda kwao

Mwisho kuna safari. Waswahili wengi walioko Toronto, Minneapolis au London wanaijua michango ya kusafirisha mwili: kundi la WhatsApp, orodha ya majina na kiasi, simu kwa shirika la ndege. Mwenyeji wa asili wa Kanada anaifanya michango hiyohiyo ndani ya nchi yake. Kutoka Toronto hadi Attawapiskat, kijiji cha James Bay, ni ndege hadi Timmins, kisha ndege nyingine ndogo kaskazini hadi mwambao. Mtu akifa mjini bila mali, manispaa inaweza kulipia mazishi ya kawaida, ila ya hapohapo mjini. Mfuko wa pensheni wa taifa kwa kawaida hutoa dola 2,500 mara moja kwa aliyechangia, lakini aliyefanya vibarua maisha yake yote huenda hakuchangia vya kutosha. Kwa hiyo ndugu wanauza chakula, wanachezesha bahati nasibu ukumbini, na mwili unangoja.

Swali la nani alipe nauli ya maiti lina miaka mingi kuliko ghorofa hizi. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza shule za bweni na kumaliza kazi yake 2015, ilikuta kwamba mtoto akifa katika shule ya bweni, sera ya wizara iliyosimamia shule hizo ilikuwa shule imzike yenyewe, isipokuwa pale ambapo kumsafirisha kungegharimu pungufu ya kumzika. Kwa hesabu hiyo watoto walibaki. Kumbukumbu ya taifa ina majina zaidi ya 4,100 ya waliokufa. Mei 2021, Watk'emlups wa Kamloops, jimbo la British Columbia, walipotangaza kuwa rada imeonyesha dalili za makaburi 215, hesabu waliyoishusha baadaye hadi 200 hivi, kwenye uwanja wa shule ya zamani, wazee waliiona habari hiyo kwenye televisheni za vyumba vyao, wengi wakiwa peke yao, kwa kuwa majengo yalikuwa bado na masharti ya korona. Wapo waliokuwa wakijua tangu utotoni ni nani hakurudi.

Ndiyo maana mzee anayekumbushia kila mara “mkinizika hapa sitalala” hasemi maneno ya uzee. Alikuwa na kaka au rafiki ambaye hakurudishwa. Wafanyakazi wazuri wa nyumba za wenyeji wa asili hulijua hili na huuliza mapema, mpangaji akiwa mzima: unataka kupelekwa wapi, nani apigiwe simu, nani apewe ngoma, moto uwashwe wapi. Majibu yanawekwa kwenye faili pamoja na mkataba. Karatasi moja, dakika ishirini za mazungumzo na chai.

Mary Two-Axe Earley, Mmohawk wa Kahnawake ng'ambo ya mto kutoka Montreal, alikuwa miongoni mwa walioanza kulisema hadharani jambo la wanawake walionyang'anywa hadhi, tangu miaka ya 1960. Aliolewa na mtu wa nje na kuishi Brooklyn. Mumewe alipofariki alirudi kwenye nyumba aliyoachiwa na bibi yake, akakuta sheria haimruhusu kuimiliki, akaiandikisha kwa jina la binti yake aliyeolewa Kahnawake. Mwaka 1975, akiwa Mexico kwenye mkutano wa dunia wa mwaka wa wanawake, alipata habari kwamba ametakiwa aondoke. Alirudia mara nyingi kwamba wanawake kama yeye wananyimwa hata kaburi kwa wazazi wao. Julai 1985 akawa wa kwanza kurudishiwa hadhi. Alikufa Agosti 1996, akiwa na miaka 84, na akazikwa Kahnawake.